Usivue Koti, Felisiani

Mimi naitwa Goreth, ila hapa sokoni Mpanda ukiuliza Goreth watu watakutolea macho tu. Uliza Mama Agape fundi. Utaletwa mpaka kwenye kibaraza changu, utakuta cherehani, mimi, na maneno. Namwambia kila mteja mapema kabisa: nguo nitakushonea vizuri, lakini maneno yangu utayachukua kama yalivyo, hayapunguzwi urefu.

Felisiani aliyachukua kwa miaka zaidi ya kumi bila kulalamika. Ni Mkonongo wa kule Ugalla, mfuga nyuki, mrefu, mwembamba, anakaribia sitini. Kila mwezi alikuwa anakuja mjini na ndoo zake za asali, akishaziuza ananiletea suruali niitie kiraka. Suruali ile ile. Siku moja nikamwambia, "Felisiani, hapa sasa kuna viraka vyangu vitupu, suruali yenyewe ilishaondoka siku nyingi." Akacheka kwa pumzi tu, maana huyu mtu hana sauti. Watu wa nyuki ndivyo walivyo. Ukizoea kusogelea mzinga unajifunza kwenda polepole, kujikunyata na kusema chini chini, na yeye alikuwa anafanya hivyo hivyo hadi kwa binadamu. Mlangoni haji uso kwa uso, anaingia kwa ubavu. Mke wake alifariki miaka tisa iliyopita, na tangu hapo kule msituni sijui alikuwa anaongea na nani.

Basi, Jumatatu moja mwezi wa sita akaja bila suruali. Namaanisha hakuwa na suruali ya kushona mkononi, jamani, nyie nanyi! Akasimama kwa ubavu, akanong'ona, "Mama Agape, nataka kubadilika."

"Uwe nani?"

"Niwe mtu wa kuangaliwa."

Nilikuwa na pini mdomoni, kidogo niimeze. Nikamvutia kigoda, nikamwambia akae aseme yote, na yeye akasema huku anaangalia miguu yake. Kumbe kuna mama anaitwa Imakulata, mjane wa marehemu Polycarpe, anakaa Ilembo, ana genge la asali, uyoga na maharage. Nilimjua sana. Wazazi wetu walitoka Burundi pamoja, na uraia tuliupata pamoja. Kwa miaka miwili Felisiani alikuwa hauzi asali kwa mtu mwingine. Anamshushia ndoo, anapewa kikombe cha chai, anakinywa akiwa amesimama, anaondoka. Hiyo ndiyo posa yake yote, miaka miwili.

"Umeshamwambia lolote?"

"Nimemwambia Jumapili baada ya misa nitafika nyumbani, nina neno."

"Akasemaje?"

"Akasema karibu, wifi yake atakuwepo."

Hapo hakuna ajabu. Mjane mwenye heshima zake hapokei mgeni wa kiume peke yake, lazima awepo mtu wa upande wa marehemu. Felisiani akatoa leso, akaifungua, ndani mna elfu thelathini. Akasema ndiyo yote aliyonayo, nimvalishe kuanzia juu mpaka chini.

"Nikienda na nguo hizi zinazonuka moshi ataniona ni yule yule wa ndoo," akasema. "Na akinikataa, Mama Agape, mimi mjini sirudi tena. Nitatafuta kijana wa pikipiki awe analeta asali yangu. Siwezi kupita pale gengeni nikamuona tena. Nyumbani nina vikombe viwili, kimoja hakijaguswa miaka tisa."

Nasema ukweli, hapo huruma ilinishika. Mimi ni mkali lakini sijawa jiwe. Nikamuuliza swali moja la mwisho, basi tu, kwa kutaka kujua.

"Huyo wifi anaitwa nani?"

"Thacienne."

Pini nikaitoa mdomoni. Mana yanje! Mungu wangu! Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na aliyeyaharibu ni mimi.

Huyo Thacienne, dada mkubwa wa marehemu Polycarpe, nilikuwa na kinyongo naye cha mwaka mzima. Nilimshonea mjukuu wake gauni la komunyo ya kwanza, jeupe, mikono ya puto, kazi ya siku nne. Siku ya komunyo, mbele ya kanisa, kina mama wote wamesimama, akashika pindo la gauni akasema kwa sauti, "Hili limeshonwa kwa miguu." Watu wakacheka. Kwani cherehani yangu inaendeshwa na nini kama si miguu? Lakini jibu hilo nililipata nimeshafika nyumbani, nimeshavua viatu, na hakuna kitu kinaniuma kama jibu zuri linalochelewa. Tangu siku ile nilikuwa naomba Mungu aniletee nafasi, na sikuwa naomba kidogo kidogo.

Siku ya mnada wa mitumba tukaenda wote wawili. Kuvaa kwa hela ndogo kuna kanuni zake, na nilimwambia Felisiani njiani. Usinunue kinachong'aa, nunua kilichokatwa vizuri. Usiangalie doa, angalia bega, maana doa linafuliwa lakini bega baya hata fundi analia. Na ukishika nguo uliyoipenda, kunja uso kama umeshika panya. Muuzaji akiona meno yako bei inapanda. Felisiani hilo la kukunja uso lilimshinda kabisa. Kila alichokishika anakitabasamia. Ikabidi nimwambie aweke mikono mfukoni, mimi nichambue.

Suruali tukapata, nyeusi, nzito, safi. Viatu tukapata, vimechoka kisigino tu. Shati ndilo lililotutoa jasho. Nikaliona moja jeupe, kola imesimama, kifua kimenyooka, yaani shati la mtu mwenye ofisi. Kuligeuza, mgongo hakuna. Mtu alilichoma na pasi, tundu la kuingia kichwa. Muuzaji akalitupa kwa buku, shilingi elfu tu. Nikalichukua. Felisiani akaniangalia kwa huruma.

"Mama Agape, mgongo je?"

"Mgongo nani anauona? Utakuwa na koti."

Ndipo tukaanza kutafuta koti. Na mimi, katika rundo la nne, nikavuta mkono wa koti la kahawia lenye mistari myembamba, nikaona kwenye kifundo vifungo viwili vyeusi na kimoja cha bluu.

Nikalivuta lote nje.

Koti lile nililishona mimi. Mkono wangu, sindano yangu. Nilimshonea Polycarpe mwenyewe, kifungo cheusi cha tatu kikanipotelea, nikaweka cha bluu, yeye akacheka akasema kiache hivyo hivyo, ndipo watu watajua si la kukodi. Alilivaa kila Jumapili mpaka alipofariki. Na siku ya kumaliza msiba, ukoo ulipokaa kugawa nguo za marehemu, nilikuwepo, nilikuwa upande wa jikoni. Nilisikia kwa masikio yangu koti likikabidhiwa kwa Thacienne alitunze mpaka Fabrice, kijana wa marehemu anayefanya kazi Dodoma, atakapooa. Nguo ya namna hiyo kwetu haiuzwi. Unaivaa, unaitunza, hata ukiifanya tambara la kudekia ni juu yako. Lakini kuipeleka mnadani? Thubutu! Na sasa ilikuwa hapa, juu ya turubai, kati ya sidiria na soksi.

Nikamuuliza muuzaji, kama mtu asiye na haja, ameitoa wapi. Akasema kuna mama mmoja mnene wa Ilembo, ana pengo hapa mbele, alimuuzia wiki mbili zilizopita. Thacienne ana pengo hapa mbele.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Mtu mwenye akili angelirudisha koti kwenye rundo, angemshika Felisiani mkono, wangeondoka. Maana kuna jambo lingine, na nililijua. Mwanaume akitokea kwa mjane amevaa nguo ya marehemu, ukoo hawamwoni mgeni. Wanamwona mtu aliyekuja kukaa kwenye kiti cha mwenzie bila kukaribishwa. Nililijua hilo. Lakini shetani alishanikalia hapa begani, ananionyesha uso wa Thacienne siku ya Jumapili atakapokiona kile kifungo cha bluu, na hataweza kulalamika bila kujitaja mwenyewe. Haki ya Mungu, nilisikia raha.

"Hili limekufaa," nikamwambia Felisiani. "Ni la bahati."

Nikafanya kazi siku tatu. Polycarpe alikuwa na mabega kama mlango wa ghala na Felisiani ni mwembamba, kwa hiyo nikafumua mabega, nikakata, nikayapunguza, nikaingiza ubavu. Vifungo vyeusi ninavyo kopo zima. Cha bluu nikakiacha pale pale, na nikakikazia uzi. Shati nikalikata mgongo wote, nikaweka kipande cha shuka langu la zamani, maua makubwa ya waridi mekundu, ndiyo kitambaa pekee kilichokuwepo cha bure. Ukiliangalia kwa mbele, meneja. Ukiliangalia kwa nyuma, kitanda cha wageni.

"Sharti ni moja tu," nikamwambia. "Joto likizidi, vumilia. Wakikuambia jisikie nyumbani, usijisikie. Usivue koti, Felisiani."

Viatu alivipiga nta ya nyuki zake mwenyewe mpaka unajiona sura. Kilichobaki ni mwendo. Nikamtembeza mbele ya kibaraza, kwenda na kurudi, saa nzima, maana nguo nzuri juu ya mtu anayejikunyata ni hasara tupu, bora ungeitundika ukutani. Nikamwambia kifua mbele, kidevu juu, ingia mlangoni na uso wako. Akajaribu. Akawa kama mtu anayebeba kioo. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Mzee umetupia! Mzee unawaka!" na yeye akakimbilia nyuma ya cherehani. Akauliza, "Nikikaa, mikono niweke wapi?" Sikujua. Kusema kweli sijawahi kufikiria mikono ya mtu aliyekaa. Nikamwambia ashike kikombe.

Na kwa kuwa hana dada hapa mjini, na mtu haendi kwenye shughuli kama hiyo peke yake, akaniomba nimsindikize. Nikajifanya kufikiri kidogo. Moyoni nilishachagua hadi kitenge nitakachovaa.

Jumapili ikafika. Tukatembea kutoka kanisani mpaka Ilembo, na vumbi la mwezi wa sita mnalijua. Ile nta ya kwenye viatu ikalikamata vumbi lote, hakuna lililobaki barabarani, na tulipofika viatu vilikuwa vya kahawia sawasawa na koti. Nikamwambia ndiyo mtindo, watu mjini wanalipia kufananisha hivyo. Akaamini, na nikaona kidevu kinapanda chenyewe. Mlangoni aliingia na uso wake. Nasema mwenyewe nilimuona, aliingia na uso wake, na alikuwa amependeza kweli.

Imakulata alikuwa amesimama karibu na meza. Ni mama mtulivu, hana maneno mengi, macho yake ndiyo yanasema. Akamwangalia Felisiani juu mpaka chini, akasema, "Eeh! Leo harusi ya nani?"

Felisiani akakohoa. Thacienne alikuwa kwenye kochi, amejaa kochi, kanga mpya. Mimi akanisalimia kwa kope. Tukakaa, chai ikaletwa na viazi vitamu, na nikahakikisha Felisiani anakaa upande wa kulia wa Thacienne. Hilo ndilo nililokuja kufanya. Imakulata akammiminia chai, yeye akanyoosha mkono kupokea kikombe, na kile kifundo kikapita mbele ya pua ya Thacienne, kifungo cheusi, kifungo cheusi, kifungo cha bluu.

Thacienne akamdaka mkono. Chai ikamwagika.

"Koti la Polycarpe!" Alipiga kelele mpaka kuku wakaruka nje. "Hili ni koti la kaka yangu! Wewe mtu, umelitoa wapi? Umeiba? Umefukua kaburi? Imakulata, mwangalie mwanaume wako wa ndoo, kaja kukaa mahali pa kaka yangu na nguo ya kaka yangu mgongoni!"

Felisiani alibadilika rangi. Akaniangalia mimi. Na mimi, aibu niseme au nisiseme, nilikuwa naangalia viazi.

Imakulata hakupandisha sauti. Akalishika lile koti kwa vidole viwili, akaliangalia, akamgeukia Thacienne. "Wifi," akasema, "koti hili si ulikabidhiwa wewe?"

Thacienne akavuta kanga yake magotini.

"Wifi. Si ulisema liko sandukuni, linamsubiri Fabrice?"

Thacienne akafungua mdomo, pengo likaonekana. Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri mwaka mzima. Nilikuwa nimeshapanga hadi namna ya kucheka, kidogo tu, puani. Lakini nikamwona Felisiani anasimama, na sikucheka. Mgongo ulikuwa umeshainama. Alikuwa anarudi kuwa yule wa ubavu, na nilijua akivuka mlango ule hatumwoni tena, atabaki na vikombe vyake viwili kule Ugalla, na ni mimi niliyemfanyia hivyo. Kwa ajili ya gauni la komunyo!

"Samahani mama," akanong'ona. "Sikujua. Nilinunua mnadani. Lirudi kwa wenyewe." Na akaanza kufungua vifungo.

"Usivue!" nikapayuka. "Felisiani, usivue!"

Akavua. Akalikunja vizuri, akamwekea Thacienne magotini, akageuka kuelekea mlangoni. Na hapo sebule nzima ikaona waridi. Waridi nyekundu kubwa, toka bega hadi bega, na kwa chini kabisa pindo la shuka ambalo sikulikata kwa uvivu. Thacienne mwenyewe akasahau aibu yake.

"Felisiani," Imakulata akaita. "Hebu simama. Mgongoni umevaa nini?"

Akasimama mlangoni, hakugeuka. Tukaona waridi zinapanda na kushuka kwa kuhema. Halafu akageuka, na ile sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwa miaka yote ile. Majirani waliisikia. Nadhani na nyuki waliisikia.

"Shuka! Nimevaa shuka, mama! Hela yangu ilitosha mbele tu! Nilitaka nionekane mtu, kwa sababu nilikuja kukuomba tuishi pamoja, na nimekupenda toka ndoo ya kwanza, na mimi nikikaa sijui hata mikono yangu niweke wapi!"

Imakulata akaketi taratibu. Akajifuta mikono na kanga, huku na huku, na mikono ilishakauka zamani.

"Miaka miwili unaniletea asali," akasema. "Hujawahi kusema hata nusu ya neno. Uliposema una neno, mimi nilijua unataka kupandisha bei. Nimekesha napiga hesabu za ndoo nikujibu nini."

"Sijataka kupandisha bei," Felisiani akasema.

"Nimesikia sasa."

Akatuangalia sisi wawili, mimi na Thacienne, akasema kwa upole ule ambao haukataliki, "Mama Agape, na wewe wifi, hebu tupisheni kidogo."

Ndiyo hivyo tukajikuta kibarazani, mimi na yule mwanamke, kwenye benchi moja fupi, hakuna wa kumpisha mwenzake. Yeye amelikumbatia koti. Jua lilikuwa kali, watu wanapita wanatusalimia, tunaitikia kama mashoga wa siku nyingi. Ndani kukawa kunasikika sauti ya Felisiani, siyo mnong'ono tena. Alikuwa anasimulia kitu.

Thacienne akasema bila kunigeukia, "Ulilijua."

Ningeweza kukataa. Uongo ninaujua vizuri tu. "Nililijua," nikasema. "Toka kwenye rundo. Nilitaka uaibike."

Akatikisa kichwa polepole. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Akasema, "Sikuliuza kwa njaa."

Nikamgeukia.

"Nililitundika nyuma ya mlango. Kila nikiamka asubuhi namuona kaka amesimama pale anataka kutoka. Nikaliweka sandukuni, nikawa nafungua sanduku mara tatu kwa siku, nanusa. Mume wangu akasema nitapata wazimu. Siku ile nilipita tu mnadani, nikampa yule kijana, hata hela yenyewe niliigawa njiani. Usiku wake nililala. Mnada uliofuata nikarudi kulitafuta, akaniambia liko katikati ya marundo, hajui lipi." Akalikaza koti kifuani. "Sikuweza kumwambia Imakulata."

Jamani, mimi mwaka mzima nilimwona Thacienne ni mdomo tu. Pale kwenye benchi nilitamani ardhi inimeze na cherehani yangu. Nikamwomba msamaha. Nilisema, "Nisamehe wifi," na sijui hilo neno wifi lilitoka wapi, maana yeye kwangu si wifi kabisa. Alikuwa anapapasa koti, kola, mfuko, kifungo cha bluu, halafu vidole vikafika mabegani vikasimama.

"Umelipunguza."

"Nimelipunguza."

"Umelikata kabisa? Halirudi?"

"Kitambaa nimekata. Halirudi."

Akalikunjua, akaliinua juu mbele yake kwa mikono miwili, likaning'inia jembamba, jembamba sana. "Basi Polycarpe halimwingii tena," akasema, na hapo akalia, siyo kwa kelele za kule ndani, machozi tu yanashuka kwenye mashavu na yeye hayafuti. Na mimi nikalia, kwa hasira na nafsi yangu, na kidogo kwa sababu nilimshonea Polycarpe koti zuri.

Baadaye akapenga kamasi na ncha ya kanga mpya, akasimama, benchi likapiga kelele. Akaingia ndani bila kubisha hodi. Kupitia mlangoni nilimwona Imakulata amekaa na Felisiani, na Felisiani ana kikombe mkononi, na waridi zake zinaelekea kwangu. Thacienne akamsogelea kwa nyuma.

"Simama, shemeji," akamwambia. "Leta mkono. Na huu mwingine."

Akamvalisha koti, akamvuta kola ikae sawa, akampiga piga mabegani kutoa vumbi la Ilembo. Imakulata akasogeza kiti cha tatu. Mimi nikabaki kibarazani, maana hakuna aliyeniita ndani.